Picha Iliyokwenda Maskati

Kosa linaloelezwa katika sura hii lina jina la sokoni, nalo ni ghushi. Muuza maziwa anayetia maji amefanya ghushi, na mkulima anayechanganya makonyo, vile vijiti vyake, ndani ya gunia la karafuu amefanya ghushi, na kila mmoja wetu anajua kuwalaani. Lakini iko ghushi nyengine ambayo haitiwi kitu wala haipunguzwi kitu. Mtu huwa na kweli nyingi mbele yake, akaichagua moja inayomfaa, akazizika zilizobaki. Akiulizwa anaweza kuapa, na kiapo chake kikawa sahihi, kwa sababu alichokionyesha kilikuwepo. Ghushi ya namna hii ndiyo iliyofanyika katika nyumba niliyoiheshimu, kwa mikono yangu, mwaka ambao kamera isiyotumia filamu iliingia kwetu kwa mara ya kwanza.

Nimelazimika kuyaandika haya kwa sababu ya harusi. Tulialikwa, wanawake wa ukoo mzima, katika ukumbi mmoja wa huko Amani, na baada ya muda mrefu nilikaa meza moja na Thuwaiba, binti wa shangazi yangu, ambaye siku hizi anaishi Makunduchi na haji mjini ila kwa jambo. Tulizungumza vizuri. Tulikula pilau, tukaisengenya kidogo kwa kuwa chumvi ilikuwa imezidi, na nikafurahi kumwona anacheka. Kisha wasichana wakaja na simu zao. "Mashangazi, tazameni huku!" Thuwaiba akainuka bila ya haraka, akaokota sahani ambayo hakuna aliyemwomba aiokote, akenda nayo jikoni. Simu ziliposhuka alirudi. Zilipoinuliwa tena, aliinuka tena. Msichana mmoja akasema kwa mzaha, "Lo, Bi Thuwaiba leo kaja harusini au kaja kuosha vyombo?" Wenzake wakacheka, naye Thuwaiba akacheka pamoja nao. Mimi sikuweza. Katika meza ile yote nilikuwa peke yangu niliyejua anakimbia nini, na niliyejua ni nani aliyemfundisha kukimbia.

Mwaka ninaoukusudia ni mmoja wa ile ya mwanzo ya elfu mbili, nilipokuwa nikisomea ualimu na kukaa kwa shangazi yangu, Bi Shariffa, huko Mkunazini. Kwa nini nilikaa kwake na si kwetu ni habari ya watu wengine, na siingii humo. Nyumba yake ilikuwa nyembamba na ndefu kwenda juu. Chini palikuwa na stoo yenye harufu ya ndimu za kukausha, katikati vyumba vya kulala, na juu kabisa jiko na chumba cha mbele, ambacho tukikiita cha wageni ingawa wageni wetu wote walikuwa wanawake wa jirani wasiongoja kukaribishwa. Chumba hicho kilikuwa na dirisha moja lililoangalia kichochoro, na mwanga wake uliingia kwa upande mmoja tu. Hapo ndipo tulipokula, juu ya mkeka, mkate wa mofa na mchuzi wa papa mchana, chai ya maziwa na mkate wa kumimina baada ya alasiri. Hapo pia ndipo nilipojifunza mengi kuliko niliyofunzwa chuoni, kwa kunyamaza tu na kusikiliza.

Thuwaiba alikuwa binti wa pekee wa Bi Shariffa, na umri wetu ulikaribiana. Tangu utotoni alikuwa na kovu la moto kwenye shavu la kushoto, kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya, ngozi yake ikiwa na mikunjo midogo kama ile inayoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Nalitaja mapema kwa sababu msomaji anahitaji kulijua. Sisi wa nyumbani hatukulitaja kabisa, na Thuwaiba aliuchukulia ukimya wetu kwa maana njema kuliko ulivyostahili. Alikwenda dukani, sokoni na harusini na uso wake mzima. Mtandio wake alikuwa akiuacha popote ulipoangukia. Alikuwa hodari wa kuigiza sauti za watu, na wanawake wazima walikuja alasiri makusudi ili wamsikie anavyowaigiza wenzao, kila mmoja akiamini kwamba yeye mwenyewe haigizwi.

Posa ilitoka Maskati. Bi Zuwena, mjane ambaye watu wake waliondoka Unguja zamani, alikuwa akimtafutia mwanawe mke mwenye, kwa maneno yake ya kwenye simu, "Kiswahili chetu na mkono wetu wa kupika." Aliuliza nasaba, akauliza sala, akauliza kama msichana anajua kulisonga boko boko la ngano na nyama mpaka likalainika. Akajibiwa yote, naye akaridhika. Kisha akaomba picha. Hapo nyumba ikaingia katika mashaka, kwa sababu picha za wakati ule zilikuwa za filamu, na filamu haikuwa na budi kupita katika mikono ya mwanamme dukani. Kila mwanamke wa mji alikuwa na kisa cha duka la picha, na kile kilichorudiwa zaidi kilikuwa cha bibi harusi wa Malindi aliyejikuta anatazama wapita njia kutoka kwenye kioo cha duka, kichwa wazi, amewekwa kama tangazo. "Tuipeleke filamu kwa yule bwana, akamsafishe mwanangu mbele ya wafanyakazi wake, wamtazame kabla hata ya mume?" aliuliza Bi Shariffa huku akichambua mchele. "Haiwi. Bora ife hiyo posa."

Mimi ndiye niliyesema kuwa ziko kamera mpya zisizotumia filamu. Nilikuwa nimezisoma katika magazeti ya kompyuta niliyoazimwa na Agnes, mwenzangu wa chuoni, mkaazi wa Mpendae, ambaye kaka yake alikuwa na kompyuta nyumbani. Nikaeleza kwamba picha hukaa ndani ya kadi ndogo kuliko kucha, kwamba mwanamke mmoja anaweza kuipiga, mwengine akaituma kwa barua pepe, na wa tatu akaipokea Maskati, bila ya jicho la mwanamme kupita katikati. Bi Shariffa akaacha kuchambua. "Hebu rudia," akasema. Nikarudia, na nilipomaliza nilikuwa nimeshakuwa mtu mkubwa katika nyumba ile. Sina budi kukiri kuwa hali hiyo niliipenda.

Tulikwenda sote watatu Darajani, kwenye duka la Bwana Nassor, aliyekuwa akiuza redio, pasi na feni. Akatutolea kamera mbili. Ya kwanza ilikuwa na lenzi iliyochomoza yenyewe kama shingo ya kobe, yenye uwezo wa kuvuta vitu vya mbali, na betri yake maalumu ya kuchaji. Ya pili ilikuwa nene kidogo, haivuti kitu, inatumia betri za kawaida kama za tochi, lakini kioo chake cha nyuma kilikuwa kikubwa na mtu alijiona ndani yake papo hapo. Mimi niliingia dukani na neno pikseli mdomoni kama niliyezaliwa nalo. "Hii ya kuvuta ndiyo bora, shangazi. Ina pikseli nyingi zaidi."

"Pikseli ndiyo nini?"

"Vidoti. Vidoti vidogo vinavyofanya picha. Vikiwa vingi, picha inaonyesha kila kitu."

"Kila kitu?" Bi Shariffa aliitazama kamera ile kama mtu anavyomtazama mgeni mwenye maswali mengi. "Basi hiyo iache."

Thuwaiba akacheka. "Mama, unaogopa itayaonyesha mapengo ya Bwana Nassor?"

"Meno yangu nnayajua mwenyewe, binti," alisema Bwana Nassor. "Yako kwetu, kwenye kikombe." Akaichukua kamera ya pili, akakipiga picha kidole gumba chake, akatuonyesha. Tukakiona kidole kikubwa kama muhogo.

"Na picha ikitoka mbaya?" aliuliza Bi Shariffa.

"Unaifuta, Bi Shariffa. Unabonyeza hapa, basi. Kama haijawahi kuwepo."

"Hapana atakayejua?"

"Hata malaika hawajui."

"Astaghfirullahi! Malaika wanajua. Mie nauliza watu."

Tulicheka mpaka wateja wakageuka. Kisa hicho nimekisimulia barazani mara nyingi kama kichekesho, mpaka siku moja nilijisikia mwenyewe nikikisimulia, nikanyamaza katikati, na waliokuwepo wakadhani nimesahau mwisho wake. Tulichukua ile ya kioo kikubwa. Sababu niliyowapa watu ilikuwa umeme, kwamba unakatika mara kwa mara na betri za kawaida zinapatikana kila duka. Ilikuwa sababu ya kweli. Ilikuwa pia moja kati ya kadhaa, nami niliitaja hiyo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi kusemeka.

Kwa muda nyumba ilijaa furaha. Niliipiga picha mikate ya mofa ikiwa bado inatoa moshi, nikaipiga mikono yenye hina, nikampiga Bi Shariffa akiwa amelala na miwani puani, jambo lililonipatia kofi la begani. Majirani walikuja na mitandio yao ya Idi wakati Idi ilikuwa mbali. Kila aliyepigwa alinyakua kamera ajitazame. "Nifute huyo!" alipiga kelele mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya bandarini. "Shingo yangu imekwenda wapi?" Thuwaiba akamjibu kwa sauti ileile ya bandarini: "Shingo hukuja nayo, bibi, umeisahau kwako." Nikafuta, nikapiga tena, nikafuta. Leo nafahamu kuwa kidole changu kilikuwa kikizoea kazi. Filamu ilikuwa na ukali wake: mtu alipewa nafasi chache, akafumba macho au akafumbua, na kilichotoka ndicho alichokuwa siku ile. Ukali huo ulitulinda na jambo ambalo hatukujua kuwa tunalindwa nalo.

Jumapili moja tulikwenda Mangapwani, Thuwaiba, Agnes na mimi. Thuwaiba na Agnes walikuwa hawajaonana kabla, na kabla hatujafika walikuwa wameshaungana kunicheka mimi na mwavuli wangu. Tulikula pweza wa kukausha kwa muhogo wa kuchoma. Upepo wa pwani ulikuwa mkali, na Thuwaiba alikuwa anamwigiza Bwana Nassor na meno yake ya kwenye kikombe wakati mtandio ulipomtoka, akageuka kuukimbilia, nami nikabonyeza. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizopata kupiga maishani. Mdomo ulikuwa wazi, mkono mmoja hewani, na shavu la kushoto limeelekea jua moja kwa moja. Aliitazama kwa muda. "Huyu ndiye mie," akasema. "Wapelekeeni huyu. Akinitaka, anitake hivi." Agnes akaitazama naye, akasema kuwa angekuwa mwanamme angechukua boti ya jioni ileile aje kuposa.

Bi Shariffa alipoonyeshwa picha hiyo, alisema mashaallah, na macho yake hayakukaa juu ya kioo. Siku ya pili akanambia tupige nyengine, "za ndani, zenye adabu zaidi." Tukampandisha Thuwaiba chumba cha mbele, akavishwa hariri na dhahabu za mama yake, akakalishwa chini ya dirisha, mwanga ukimpiga upande wa kulia. Geuka kidogo, nikamwambia. Kidogo tena. Tazama nje. Inua kidevu. "Mnanipiga picha au mnaninyoosha shingo?" aliuliza, lakini alitii, kwa sababu alifikiri ni mchezo wa mama yake na dhahabu zake. Aliposhuka kwenda kuoga, shangazi na mimi tulikaa juu ya mkeka tukazipitia zote. "Hii?" nikauliza. "Inaonekana," akasema. "Hii?" "Kidogo." "Na hii?" Akaisogeza karibu na miwani yake, akaiweka mbali, akairudisha. "Hii haionekani." Neno lenyewe, kovu, halikutajwa hata mara moja. Tulisema inaonekana na haionekani, kama watu waliopanda darini kuutafuta mwezi wa Ramadhani.

"Zilizobaki futa," alisema. "Na ile ya Mangapwani."

"Lakini shangazi, mwenyewe anataka hiyo ndiyo iende."

"Salha, mwanangu, stara ni kuficha. Kwani wewe hukusoma?"

Nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimesoma kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, na nilijua kuwa mchumba ana haki ya kumwona anayemposa, na kwamba anayeficha aibu ya bidhaa amemdhulumu mnunuzi hata kama hakusema neno. Nilijua pia kuwa binadamu si bidhaa, na kwamba kovu lile halikuwa aibu mpaka pale sisi tulipolifanya kuwa aibu kwa kulificha. Stara humfunika mtu kwa ajili yake mwenyewe. Tulichokuwa tunakifanya ni kumfunika kwa ajili ya soko. Hoja hizi zote nilikuwa nazo, nami sikuitoa hata moja. Nilibonyeza, nikabonyeza, na nilipofika kwenye mdomo ule wazi na mkono ule hewani, kamera ikauliza, kama ilivyouliza kila mara, kama nina hakika. Nikakubali.

Nikaichukua kadi hadi Mpendae. Nyumba ya kina Agnes ilikuwa na bustani ndogo ya mchicha mbele na kompyuta kwenye chumba cha kulia, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama sinia ya futari. Agnes akaifungua picha, ikateremka juu ya kioo polepole, kipande kwa kipande, dhahabu kwanza.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Thuwaiba."

"Thuwaiba yupi?"

"Usifanye mzaha, Agnes."

"Sifanyi mzaha. Yule tuliyekula naye pweza yuko wapi? Ile ya Mangapwani mbona siioni humu?"

"Nimeifuta. Bi Shariffa hakuipenda."

Agnes akaitazama tena ile picha. Kisha akasema, "Thuwaiba anajua?" Nikamjibu kwa ukali kuwa mambo ya posa zetu yana taratibu zake, na kwamba yeye hawezi kuyafahamu. Nilimwambia hivyo ndani ya nyumba yake, nikiwa nimekunywa chai yake. Hakukasirika. Alisukuma kiti nyuma, akaniachia nafasi mbele ya kompyuta. "Basi bonyeza mwenyewe," akasema. "Mimi nimeshafanya yangu." Nikabonyeza mwenyewe. Niliporudi Mkunazini, Thuwaiba alikuwa ananisubiri kwenye ngazi, mikono ina unga. "Imekwenda?" Nikasema imekwenda. "Ya Mangapwani?" Nikasema, "Imekwenda, nshakwambia," nikapanda ngazi kwa haraka kama mtu aliyeitwa juu.

Jibu lilikuja zuri. Hakuna aliyeuliza tena habari za uso wake, kwa kuwa picha ilikuwa imeshawafunga waulizaji midomo. Baada ya Idi akaja Bi Zuwena mwenyewe na binti yake mkubwa kumwona msichana na kuweka siku. Chumba cha mbele kikatandikwa upya, udi ukafukizwa, na tangu alfajiri jiko lilikuwa na biriani, boko boko na halua ya kutosha mtaa mzima. Bi Zuwena alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kizamani kuliko chetu. Alitusifia nyumba, akatusifia udi, akasimulia jinsi alivyosahau njia ya kwao wa zamani akaishia msikitini. Kisha Bi Shariffa akamwita Thuwaiba, na tukamsikia akijibu "Naam" kutoka jikoni kwa sauti ya furaha.

Aliingia na sinia ya kahawa, mtandio umemwangukia mabegani kama kawaida yake, uso mzima mbele. Hakuwa na sababu ya kujificha, alijua wameshamwona. Akawaamkia, akapiga magoti, akaanza kumimina. Bi Zuwena aliitikia "Marahaba, mwanangu," na jicho lake likasimama. Binti yake akafungua mkoba, akatoa picha aliyoichapisha kwa mashine yake mwenyewe, akamtazama Thuwaiba, akaitazama picha, kisha akaiweka juu ya mkeka. Alifanya hivyo kwa mshangao. Sikuona ubaya kwake, wala siuoni leo.

Thuwaiba akaweka birika. "Hii ipi?" aliuliza.

"Ndiyo mliyotupelekea," alisema yule binti.

Akaishika. Akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, na mtazamo ule ulikuwa wa mtu anayehesabu upya jambo aliloliamini tangu zamani. "Mie nilidhani mmepeleka ya Mangapwani," akasema taratibu. Akairudisha picha juu ya mkeka, akachukua birika, akawamiminia wageni kahawa hadi kikombe cha mwisho, mkono wake ukiwa umetulia, akaaga kwa adabu, akatoka.

Bi Zuwena alingoja mpaka hatua zake zikaisha. "Kovu si kitu, Bi Shariffa," alisema. "Sisi tuna watu wetu wenye makubwa kuliko hilo, na tunakula nao sahani moja. Lakini nambie, mlipokuwa mnachagua hii, mie mlinidhania mtu gani?" Shangazi alianza kusema habari ya mwanga na dirisha. Bi Zuwena akamshika mkono kwa upole. "Uso ule ningeuchukua leo hii. Lakini nikishauchukua, kila mtakachonambia nitakuwa nnakigeuza nitazame upande wa pili. Hayo si maisha ya kumpa mwanangu." Walikula kidogo, kwa heshima ya chakula, wakaondoka kabla ya magharibi.

Nilimkuta Thuwaiba jikoni, anakwangua masufuria. Nilikuwa nimetunga maneno nilipokuwa nikiwasindikiza wageni, maneno mazuri, yenye aya ndani yake. Hakunipa nafasi. "Sikulilii bwana wa Maskati," alisema, bila ya kugeuka. "Simjui. Nnachokililia ni kuwa miaka yote hii nilikuwa nnadhani nyinyi hamlioni." Akaendelea kukwangua. Alipogeuka kuchukua maji, nikaona amekwisha kuuvuta mtandio na kuubana kwenye sikio la kushoto, akaushika kwa meno ili usianguke. Hakupata kuuachia tena. Alasiri za kuigiza watu zikakatika, na wanawake wa jirani, baada ya kuja na kuikuta nyumba kimya, wakaacha kuja. Siku chache baadaye, nikipita nje ya chumba cha shangazi baada ya sala, nilimsikia akilia juu ya mswala: "Mola wangu, mie ndiye niliyeliacha lile jiko na mtoto. Mie ndiye." Hapo ndipo nilipofahamu kuwa katika kila picha aliyosema inaonekana, alichokuwa anakiona si uso wa mwanawe. Lakini kufahamu sababu ya kosa hakulipunguzi lililokwisha kumfika aliyekosewa, na mimi sikuwa hata na sababu kama ile yake. Mimi nilitaka tu kuendelea kuwa mtu mkubwa katika nyumba ile.

Ni Agnes aliyekuja kumchukua. Alimpatia chumba kwao Mpendae muhula ulipoanza, akamwingiza chuoni kwetu, na Thuwaiba alipomaliza ualimu akapangiwa skuli ya Makunduchi, ambako aliolewa na mwalimu mwenzake aliyemwona kila siku kwa macho yake mwenyewe. Harusi ilikuwa ndogo, na hakuruhusu kamera mlangoni. Watoto wake wana picha na kila mtu isipokuwa mama yao. Bi Shariffa alifariki akiwa ameombwa radhi na kuomba radhi, na kamera ile sijui iliishia kwa nani. Mimi nimekuwa mwalimu wa somo la dini, na nina sifa ya ukali. Wasichana wangu wana simu ambazo hufanya zenyewe ile kazi niliyoifanya kwa mikono yangu juu ya mkeka: zinalainisha ngozi, zinafuta madoa, zinang'arisha jicho, na mwenye uso haulizwi. Nawakemea. Wananitazama kama bibi aliyechoka na dunia, na siwalaumu, kwani sijawahi kuwaambia nayajua vipi haya ninayoyasema.

Baada ya harusi ya Amani nilipata habari kuwa Thuwaiba amekubaliwa katika msafara wa Hija, na kwamba kila kitu kiko tayari isipokuwa pasi ya kusafiria. Pasi inataka picha ya uso mzima, mbele, bila ya kugeuka. Alikuwa ameahirisha na kuahirisha, na siku ya mwisho ilikuwa inakaribia. Mumewe alimbembeleza, watoto wakamlilia, naye alifika mpaka mlango wa duka la picha akarudi. Nikapanda gari hadi Makunduchi nikiwa nimejaa nia njema. Nilimkuta uani anasuka ukili, mtandio umebanwa sikioni palepale. Nikamwambia kuwa simu yangu inapiga vizuri, kwamba tuko wawili tu, kwamba nitampiga mimi na nitaipeleka mwenyewe kuchapishwa.

Alitua ukili wake. "Wewe hapana, Salha," alisema. Hapakuwa na chuki katika sauti yake, na kwa sababu hiyo maneno yale yaliniingia zaidi. "Nshakusamehe zamani, na Mungu ni shahidi. Lakini ukinipiga wewe, nitakuwa nnakaa hapa nikingojea uchague."

Nilitoka nje ya ua, nikampigia simu mtu pekee niliyejua ataweza, na jioni hiyohiyo akaja, mwalimu mkuu sasa, mzito kidogo wa magoti, amebeba mkate wa nazi ndani ya mfuko. Hakuuliza kitu. Waliniacha barazani wakaingia wao wawili, na kupitia dirishani niliwasikia wakicheka habari za chuoni, kisha kiti kikiburutwa, kisha kimya. Simu ikalia mara moja, kwa mlio ule mdogo wa kupiga picha. Nikangojea mlio wa pili. Haukuja.

"Mbona hutazami imetokaje?" niliisikia sauti ya Thuwaiba.

"Nitazame nini na wewe uko mbele yangu? Inuka ule mkate, unapoa."

Thuwaiba alitoka ndani akaja barazani kuninawisha mikono, birika mkononi, na mtandio wake ulikuwa mabegani. Sikuthubutu kutazama kwa muda mrefu. Msafara umeondoka wiki hii naye yumo, na kama kuna thawabu ya picha ile, haina haki kuandikwa kwa jina langu wala la nyumba yetu ya Mkunazini. Iandikwe kwa jina la Agnes Matiasi.